Hata kwenye kuhesabu ndege watu wanafunga kamba!

Najua kuna waliokuwa wanasubiri niendelee na ile kasheshe ya wachumba wa kuazima suti. Hiyo iweke kiporo kwanza, haitachacha. Leo nataka tuwazungumzie watu ambao ukipishana nao njiani unaweza ukawaamkia bila hata kuuliza umri. Kofia pana kichwani, darubini shingoni, kidaftari mfukoni, suruali ina mifuko kama kumi hivi, na mwendo ni wa kunyata kama kijana aliyechelewa kurudi nyumbani wakati dingi yuko macho. Kazi yao ni moja tu, kutazama ndege.

Sio ndege za uwanja wa ndege, hapana. Ndege wa manyoya.

Utasema, sasa hao nao wana noma gani? Subiri. Hawa jamaa wako wa aina mbili. Wa kwanza anakaa barazani na chai yake ya rangi, anamtazama chozi akinyonya ua, roho inatulia, anaingia ndani kulala. Huyo hana neno na mtu. Wa pili ana orodha. Na mtu mwenye orodha, bwana, muogope kama mwenye deni lako.

Duniani kuna aina za ndege zinazokaribia 11,000, na jamaa huyu wa pili anataka kuziona zote, au angalau awazidi wenzake. Ana orodha ya maisha, ana orodha ya nchi, ana orodha ya mwaka, na wengine wana mpaka orodha ya siku moja. Mwaka 1986 jamaa watatu walikimbizana na saa huko kwa majirani zetu Kenya, ndani ya saa 24 wakahesabu aina 342, ikawa rekodi ya dunia. Rekodi yenyewe ilishavunjwa, mwaka 2015 timu iliyokuwa Ecuador ilifikisha 431 kwa siku moja. Mimi na wewe tukijitahidi hapa Dar kuanzia alfajiri mpaka magharibi tutaona kunguru, shomoro, njiwa wa jirani, halafu kunguru mwingine.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Hii ni mechi isiyo na refa. Simba na Yanga wanacheza mbele ya maelfu ya watu, kamera kila kona, na bado Jumatatu asubuhi kwenye daladala watu wanataka kushikana mashati kwamba lile goli halikuwa goli. Fikiria basi goli ambalo kaliona mfungaji peke yake, alfajiri, katikati ya msitu, kwa sekunde mbili, na lenyewe lilikuwa linaruka. Ukisema nimemwona, umemwona. Unatoa kalamu, unaandika, hesabu inapanda.

Ndiyo maana Waingereza, ambao ndio wenye wazimu mkubwa wa mchezo huu, wana neno lao la mtaani kwa mtu anayedai kamwona ndege ambaye hakumwona. Neno lenyewe limetokana na kamba. Kamba ile ile! Wa kijiweni kwetu anasema "usinifunge kamba", na wa kule Norfolk anasema hivyo hivyo kwa Kiingereza chake, na naapa hatukukaa nao kikao.

Mwaka 1959 Waingereza wakaona bora waunde jopo. Watu kumi, wote wataalamu, kazi yao ni kupokea madai ya ndege adimu na kuyachambua. Ulikuwa umesimama wapi? Jua lilikuwa upande gani? Ulimtazama kwa muda gani? Miguu yake rangi gani? Kulikuwa na nani mwingine? Afande wa upelelezi akasome pale. Wakiridhika, ndege wako anaingia kwenye kumbukumbu. Wasiporidhika, anabaki kuwa hadithi yako na mkeo.

Na ukishajulikana kuwa mfunga kamba, umekwisha. Hufungwi, hutozwi faini, hakuna wa kukupeleka kwa mjumbe. Ila ukifika mahali wenzako wamekaa na darubini zao, ukasema umemwona fulani pale kwenye matete, watu wanaendelea kunywa chai. Hawageuki. Hata siku utakayosema kweli tupu, hawageuki. Nimewahi kuona watu wanaumbuka kwa mambo ya pesa na mapenzi, wakahama mtaa, wakaanza upya. Hawa hawana pa kuhamia, kwa sababu kila palipo na ndege wenzao wapo.

Mwaka 2024 mambo yalifika kileleni. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Peter Kaestner, mwanadiplomasia mstaafu, maisha yake yote kila alipopangiwa kazi alikuwa na darubini. Huyu ndiye aliyekuwa akiifukuzia namba ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, aina 10,000. Mwezi Februari akiwa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, akampata ndege mdogo wa ukoo wa chozi, mdomo mrefu uliopinda, akaandika 10,000. Kabla pongezi hazijatulia, akachomoza mtazamaji mwingine, ambaye wengi hata hawakuwa wakimjua, akidai naye kashafika huko huko, tena katangulia. Weee! Maneno yakawa mengi, orodha zikaanza kupekuliwa, habari zikafika magazetini. Fikiria umekimbia mbio za nyika maisha yako yote, unafika kwenye utepe unakuta mtu kashika soda anakupungia mkono.

Lakini hao wa leo ni watoto wadogo. Mabingwa wenyewe wa kamba walikuwa wa zamani, enzi ambazo ndege alikuwa hahesabiwi kwa darubini bali kwa bunduki. Unampiga, unamkausha, unamjaza pamba, unamfunga kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali. Hicho kikaratasi ndiyo hati ya nyumba. Na hati, kama mnavyojua wenzangu wa mjini, inaweza kughushiwa.

Kusini mwa Uingereza karibu na mji wa Hastings alikuwepo fundi wa kukausha ndege, George Bristow. Kuanzia 1892 hadi 1930 eneo hilo dogo lilitoa ndege adimu kwa fujo, kila mara wa ajabu, na wengi walipitia kwenye duka lake. Siri ilikuwa sokoni. Matajiri waliokusanya ndege walikuwa radhi kutoa mshiko mnene kwa ndege aliyeuawa kwenye ardhi ya Uingereza, lakini ndege huyo huyo akitoka nje hakuwa na bei ya maana. Sasa wewe ni fundi, una rafiki kwenye meli, meli ina barafu. Malizia mwenyewe.

Mzee Bristow alifariki 1947, na hadi leo wapo wanaobishana alikuwa peke yake au la. Lakini mwaka 1962 jarida moja la Uingereza la ndege lilichapisha uchunguzi, na mtaalamu wa takwimu akapiga hesabu akaonyesha kwamba bahati ya namna ile haipo. Aina na jamii 29 za ndege zikafutwa kwenye orodha ya nchi. Zimefutwa! Yaani wazee waliokufa wakijua wana ndege fulani wa Uingereza kabatini, kumbe walikuwa na ndege wa nje aliyesafiri kwenye barafu kama samaki wa feri. Kichekesho chenyewe ni kwamba baadaye wengi wa aina hizo walionekana Uingereza kweli, wakiwa hai, wakarudishwa kwenye orodha kwa halali.

Sasa shika moyo, maana anayefuata tunamjua hapa hapa kwetu.

Richard Meinertzhagen. Mwingereza, afisa wa jeshi, kazaliwa 1878. Kule Kenya Wanandi hawajalisahau jina hilo, kwa sababu mwaka 1905 ndiye aliyemuua kiongozi wao Koitalel arap Samoei, ambaye alikuwa kaja kukutana naye kwa mazungumzo ya amani. Mwaka 1914 Waingereza waliposhuka Tanga wakapigwa na Wajerumani na askari wao, nyuki nao wakaongezea, jamaa alikuwemo, upande wa ujasusi. Hata yule nguruwe mkubwa wa msituni anaitwa kwa jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Kwa kifupi ni mtu aliyepita kwetu na kuacha alama, nyingi za damu.

Kwao alikuwa staa. Mwanajeshi, jasusi, mwandishi wa kumbukumbu za vita, na juu ya yote bingwa wa ndege. Alitoa kwa jumba la makumbusho la London mkusanyiko wa ndege wakavu wapatao 20,000. Watu wakavua kofia. Alipofariki 1967 alizikwa na sifa zake zote.

Kumbe mzee alikuwa mwizi.

Alikuwa akiingia kwenye jumba lile lile la makumbusho, anachomoa ndege waliokusanywa na watu wengine, anaondoka nao, anawavua kikaratasi cha mguuni na kuwavisha kipya chenye jina lake, mahali pengine na tarehe nyingine. Halafu anawarudisha kama zawadi! Yaani mtu anaiba sahani kabatini kwako, anaifunga kwenye karatasi ya maua, anakuletea siku ya harusi yako, na wewe unashukuru unalia. Wenye jumba hawakuwa vipofu kabisa, waliwahi kumpiga marufuku kuingia chumba cha ndege kwa miezi 18 baada ya kumkuta na ndege bila ruhusa. Lakini alikuwa mtu mkubwa, ana majina, ana marafiki wakubwa. Akarudi. Tunayajua hayo, hayakuanzia Bongo.

Mwaka 1993 mtaalamu Alan Knox aliandika wazi kwamba huu ni utapeli. Halafu akaja mwanamama wa Kimarekani, Pamela Rasmussen, na wenzake, wakaanza kumpekua ndege mmoja mmoja. Wakapiga picha za eksirei. Wakatazama mishono na pamba. Kumbe kila fundi wa kukausha ndege ana mkono wake, kama mafundi cherehani, ukiona pindo tu unajua hii kashona nani. Wakakuta ndege anayedaiwa kuwa wa Meinertzhagen ana mshono wa mtu aliyeacha kazi hiyo miaka mingi nyuma.

Sasa nielewe vizuri hapa, maana kuna watakaosema "ndege wakavu tu, nani kaumia?" Kulikuwa na bundi mmoja mdogo wa msituni huko India. Alikuwa hajapatikana kwa uhakika tangu 1884. Lakini kwenye makabati kulikuwa na mmoja wa Meinertzhagen, ambaye kikaratasi chake kilisema kapatikana Gujarat mwaka 1914. Basi waliomtafuta waliamini hilo nalo ni eneo lake. Hawakupata kitu. Rasmussen alipomfungua yule bundi akagundua ni wa wizi, aliyekusanywa na Mwingereza mwingine, James Davidson, miaka ya 1880, kajazwa pamba upya ili asitambulike. Akaifuta Gujarat kwenye ramani yake, akafuata maeneo ya zile rekodi za zamani tu, na Novemba 1997 yeye na wenzake wawili wakamkuta bundi huyo Maharashtra, kakaa juu ya mti mchana kweupe, anawatazama. Miaka 113! Bundi alikuwepo siku zote. Msitu wake ulikuwa unakatwa huku watu wakimsaka alikoelekezwa na kikaratasi cha uongo. Mtu mmoja kaongopa ili asifiwe, na kiumbe kizima kikakaribia kutoweka bila hata kutafutwa pale kilipo.

Mimi nikisoma mambo ya huyu mzee huwa najiuliza alikuwa anapata nini. Pesa alikuwa nazo, kwao matajiri wa benki. Cheo alikuwa nacho. Tena alikuwa anawajua ndege kweli, sio wa kuzuga. Jibu langu ni kwamba alikuwa hawezi kukubali kuwa wa pili, na ugonjwa huo hauna dozi.

Turudi kwa hawa wa sasa. Uwongo ni dhambi moja, fujo ni nyingine. Waingereza wana kundi la wakimbizaji, hawa kazi yao ni kusikia ndege adimu kaonekana mahali, basi wanaacha mchumba, wanaacha kazi, wanaacha chakula kinachemka, wanatimua mbio. Zamani habari zilipitia mgahawa mmoja wa kijijini Norfolk, simu ikilia mteja yeyote anainuka na kujibu huku maharage yanapoa, anasoma orodha ya ndege walioonekana leo. Baadaye zikaja peja, sasa ni simu za mkononi. Februari 1989 ndege mmoja mdogo kutoka Marekani alipotelea Kent, akaweka makazi karibu na maegesho ya magari ya duka kubwa la Tesco. Walifurika maelfu ya watu kwa siku moja! Fikiria wenye nyumba wa pale wanaamka asubuhi wanakuta kila ukuta una mtu na darubini anaelekea dirishani. Ungeita polisi au ungeuza maandazi?

Hapo ndipo tabia zinapoonekana. Wapo wanaosubiri zamu kwa ustaarabu na kuweka senti kwenye ndoo ya mchango wa mwenye shamba. Na wapo wanaoruka uzio, wanakanyaga mazao, wanampiga mateke matete ndege atoke, wanamsukuma mzee aliyetangulia kufika. Ndege mwenyewe hapo kachoka, kavuka bahari kwa upepo, njaa imemkamata, anachotaka ni kula na kulala. Badala yake anakimbizwa kutoka kichaka hadi kichaka na watu wazima wenye watoto wanaosoma.

Mwaka 2013 yalitokea makubwa kisiwa cha Harris, Scotland. Kaonekana ndege anayefanana na mbayuwayu mwenye mbio za kutisha, mtu wa Asia, ambaye Uingereza hakuwa ameonekana kwa miaka 22. Watu wakapanda magari, meli, wakalala njiani. Wakafika, wakamwona, wakafurahi, na wakiwa wanamtazama akajigonga kwenye panga la mashine ya umeme wa upepo akafa. Hao hawakufanya kosa lolote, nimewaweka tu kwa sababu habari hii imenikaa rohoni tangu nilipoisoma. Watu walisikitika sana pale.

Kwa sababu ya fujo hizo kuna wanaoamua kuficha. Anampata ndege adimu, anakaa kimya, anawaambia marafiki watatu. Hapo napo vita. Wengine wanasema ni uchoyo, unaficha ili wenzako wakose namba. Mwingine anajibu namlinda ndege. Ukweli ni kwamba mara nyingi yote mawili yamo katika kifua kimoja. New York mwaka 2021 bundi mkubwa mweupe wa theluji alitua Central Park, ukurasa mmoja wa mtandao ukatangaza alipo, umati ukajaa, na wazee wa mchezo wakacharuka kwamba bundi hatangazwi kwa sababu mchana ndio anapumzika. Wenye ukurasa wakasema bustani ni ya wote, mbona mnataka kuwaona peke yenu? Bundi mwingine maarufu wa bustani hiyo hiyo, watu walimwita Barry, aligongwa na gari la matengenezo Agosti mwaka huo akafa, na alipopimwa akakutwa na sumu ya panya nyingi mwilini. Kwa hiyo wakati watu wanagombana nani kasogea karibu zaidi, kilichokuwa kinammaliza kilikuwa ndani ya panya.

Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanawasha moto na kutukana. Nuksi. Ila nakwambia kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya, wanalipa dola, ili wakamwone bundi wetu wa usiku. Yule mdogo wa Pemba hayupo pengine popote duniani. Wa Sokoke anapatikana Arabuko-Sokoke kule Kenya na hapa kwetu Usambara Mashariki. Kwa mtu mwenye orodha, hao ni dhahabu. Na hapa ndipo wanapoingia vijana wenzetu.

Jiweke kwenye viatu vya kijana anayetembeza wageni kwenye msitu wa Amani au Ngezi. Umesoma kidogo, sauti za ndege unazijua kwa masikio kuliko mwalimu yeyote, una spika ndogo mfukoni na simu yenye sauti za ndege wote wa Afrika Mashariki. Mgeni kakwambia tangu asubuhi, huyu mmoja asipompata safari imeharibika. Unabonyeza. Spika inalia kwa sauti ya dume. Ndege wa kweli anasikia, anajua kavamiwa.

Mwenzangu, ni kama mtu anagonga geti lako saa nane usiku anasema yeye ndiye mwenye nyumba na mkeo ni wake. Unatoka na panga, hakuna mtu. Unarudi, unavuta shuka, anagonga tena. Unatoka. Hakuna mtu. Kesho kundi jingine la wageni, spika nyingine, geti lile lile, kwa sababu vijana wote wanajua geti lako liko wapi. Wakati unahangaika nje, watoto wako ndani hawajala, na kenge anapita.

Wataalamu wamelipima hili. Utafiti uliofanywa Ecuador, uliochapishwa 2013, ulionyesha ndege mmoja alianza kwa kuimba kwa hasira, baada ya siku kama 12 akazoea, akapuuza. Wapenzi wa spika wakashangilia, si mmeona, hana shida! Haya, na siku mgomvi wa kweli atakapogonga geti je? Chama cha watazama ndege cha Marekani kimeandika kwenye maadili yake kwamba sauti za kurekodi zitumike kwa kiasi, na Uingereza sheria ya 1981 inaweza kukufikisha mahakamani ukimsumbua ndege wa kundi lililolindwa akiwa kwenye kiota. Lakini karatasi ya Marekani haimlipii kijana wa Usambara ada ya mtoto. Kinachomlipia ni tipu, na tipu iko mfukoni mwa yule anayesema "mara moja tena, tafadhali, sikumwona vizuri."

Mimi simlaumu kijana. Namlaumu mwenye dola. Yeye ndiye aliyesoma maadili, kayabandika ukutani kwao, na akifika hapa anamwachia kazi chafu mtu ambaye hawezi kusema hapana. Na nimeambiwa na vijana wa kazi hiyo kwamba wageni wenye fujo kuliko wote sio wageni wa mchezo, ni wale wakongwe waliobakiza ndege wachache. Mwanzoni unamwona kila ndege ni mpya, unafurahi. Ukishafika maelfu, unatua nchi nzima kwa ajili ya wawili.

Sio wote, jamani. Mwanamama Phoebe Snetsinger wa Marekani aliambiwa na madaktari mwaka 1981 kwamba kansa itamuua ndani ya mwaka. Badala ya kulala kusubiri, akashika darubini. Akawa mtu wa kwanza duniani kufikisha aina 8,000, na daftari zake zilikuwa safi, anaandika kila kitu, hakuna aliyemshika na kamba. Ila alikosa mazishi ya mama yake na harusi ya binti yake kwa sababu alikuwa safarini na ndege. Kansa haikumpata, gari ndilo lililopinduka naye Madagascar mwaka 1999, akiwa kwenye safari ya kutazama wengine. Bingwa mwaminifu kabisa, na huyo binti yake ukimuuliza kuhusu siku ya harusi sidhani atakutajia 8,000.

Nimalizie na ya kwetu. Sheria za mashindano ya Marekani zinasema ndege wa kuhesabiwa awe hai, awe wa porini, na awe huru. Sasa mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye milima ya Udzungwa. Kwenye sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege ambayo hawajawahi kuiona popote. Akawa ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa, na leo anaitwa kwale wa Udzungwa, watu wanavuka bahari kumtafuta na wengi wanarudi bila kumwona. Lakini kwa mujibu wa sheria, wale walioinama juu ya sufuria ile hawakuruhusiwa kumwandika. Na mchuzi sijui nani aliumalizia.